Albamu iliyotoka baada ya msiba

Jumapili usiku, hosteli.

Test ya Jumanne inaninyemelea, daftari liko wazi mbele yangu, na badala ya kusoma nimevaa hedifoni nasikiliza kitu ambacho mwenzangu wa chumba anakiita "muziki wa matanga". Hajakosea sana. Ila leo nataka niwasimulie historia yake, maana kuna jambo limenikaa moyoni.

Albamu inaitwa Closer, ya Joy Division, vijana wanne kutoka Manchester na miji ya jirani, kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 1976 Bernard Sumner na Peter Hook walikwenda kuwaona Sex Pistols wakipiga mjini kwao, wakatoka pale wakiwaza: kama hawa wanaweza, sisi tunashindwa nini? Akaja Ian Curtis kuimba, kisha Stephen Morris kwenye ngoma. Mji wao ulikuwa umekuzwa na viwanda vya pamba, na miaka ile viwanda vilikuwa vinafungwa na nyumba za zamani zinabomolewa. Ukisikiliza muziki wao unaisikia baridi ya mahali pale.

Waliowatoa ni Factory Records, kampuni ndogo ya huko huko Manchester. Hiyo ndiyo asili ya neno indie: muziki unaotoka bila kupiga magoti kwa kampuni kubwa za London. Albamu ya kwanza, Unknown Pleasures, ilitoka 1979. Ya pili, hii Closer, walirekodi Machi 1980 katika studio ya Britannia Row, prodyuza akiwa Martin Hannett. Ina nyimbo 9. Mwanzoni ngoma zinagonga kama mashine, lakini nyimbo mbili za mwisho, The Eternal na Decades, zinatembea polepole sana. Kinanda kinaingia taratibu kama mtu anayefunga mlango bila kutaka kuamsha waliolala. Na Curtis halii wala hapigi kelele. Ana sauti nzito, imetulia, utadhani anasoma taarifa ya habari. Utulivu huo ndio unaonimaliza mimi. Mtu akilia mbele yako unajua la kufanya. Akikueleza mzigo wake kwa sauti ya kawaida, unabaki umekodoa macho.

Sasa hapa ndipo historia inapoingia. Tarehe 18 Mei 1980 Curtis alijiua. Alikuwa na miaka 23, na bendi ilikuwa inajiandaa kuondoka kesho yake kwenda Marekani kwa ziara yao ya kwanza huko. Albamu ikatoka Julai 18, ikafika namba 6 kwenye chati ya Uingereza. Jalada lake lina picha ya sanamu za kaburi la familia moja katika makaburi ya Staglieno, Genova, Italia. Watu wakasema, mnaona? Alikuwa anaaga! Kumbe picha ile ilichaguliwa yeye akiwa hai.

Mhadhiri wetu mmoja hupenda kutuonya tusisome historia kinyumenyume. Tukishajua mwisho, kila kitu cha nyuma kinageuka kuwa ishara. Sisi tunaosikiliza Closer leo tunasikia kwaheri katika kila mstari. Waliokuwa studio Machi ile walisikia kazi: besi imekaa sawa, ngoma irudiwe. Wenzake wamesema wazi miaka ya baadaye kwamba hawakuyatilia maanani maneno aliyokuwa anaimba. Waliona jamaa ana kipaji cha kuandika, basi.

Lakini jamani, tusijifiche nyuma ya hilo onyo. Dalili nyingine hazikuwa za kusoma kinyumenyume. Curtis alikuwa na kifafa, kiligundulika mapema 1979, na kilikuwa kinamwangusha hata jukwaani. Ndoa yake ilikuwa inavunjika. Mapema Aprili 1980 alishajaribu kujiua, na siku chache tu baadaye bendi ilikuwa na onyesho tena. Hakuna aliyemchukia. Walikuwa vijana wa rika letu, wana ratiba, wana ndoto, hawajui la kusema. Kwa hiyo wakaendelea na kazi.

Na mimi nawaelewa, tena naona aibu kuwaelewa. Semista iliyopita tulikuwa na mshkaji kwenye kundi letu la kusomea. Alikuwa anaandika mashairi mazito kwenye kurasa za nyuma za daftari, tunasomeana, tunacheka, "mwanangu unatisha!" Baada ya likizo hakurudi. Nilipompigia simu kaka yake ndipo nikaambiwa alikuwa anaumwa moyo na akili kwa muda mrefu, sasa yupo nyumbani anapata matibabu. Yule tuliyekuwa tunampigia makofi alikuwa anatueleza hali yake. Sisi tukampa alama za uandishi.

Nadhani hicho ndicho kinachotuvuta kwenye albamu hii. Sio kifo, kifo hakina uzuri wowote. Ni kwamba kwa dakika kama 44 tunapata kumsikiliza mtu ambaye wakati wake hakusikilizwa vizuri. Sumner, Hook na Morris waliendelea kama New Order, na mwaka 1983 wakatoa Blue Monday, dunia nzima ikacheza. Maisha yaliendelea kwa wote isipokuwa mmoja.

Jana nilimpigia yule mshkaji. Tuliongea saa nzima, nyingi ni porojo za mpira. Mwishoni nikamuuliza, yale mashairi bado unaandika? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, leo ndiyo unaniuliza?"

Haya, narudi kwenye daftari. Na wewe kama kuna mtu umemkumbuka ukisoma hapa, acha test isubiri, mpigie kwanza.