Umeme na Safari Yake

Ukisimama Salgaa wakati wa magharibi, kando ya njia kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, utaona malori yamepangwa safu, na madereva wakipumzika kabla ya kuendelea na safari. Muulize mmoja wao habari za mzigo wake, naye atakueleza kwamba kila kilomita ina gharama yake ya mafuta. Umeme nao ni msafiri, lakini msafiri asiye na tangi: njiani hujila mwenyewe. Nataka nikusimulie, msomaji wangu, jinsi jambo hilo lilivyowasumbua watu tangu karne ya kumi na tisa hadi leo, katika nchi nzima na hata ndani ya sanduku unaloweza kulibeba kwa mikono miwili.

Kila waya huupinga umeme upitao ndani yake, na upinzani huo hugeuka kuwa joto linalopotea bure. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne; ukiongezeka mara tatu, joto huongezeka mara tisa. Thomas Edison alipofungua kituo chake cha umeme katika mtaa wa Pearl, New York, mwezi wa Septemba 1882, alitumia mkondo mnyoofu wa volti 110 hivi. Majirani wa kituo walipata mwanga mzuri, bali waliokaa mbali hawakuweza kuhudumiwa. Wahenga walisema kweli kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Dawa ilipatikana katika mkondo geu na transfoma: volti zikipandishwa, nguvu ile ile husafirishwa kwa mkondo mdogo, na hasara hupungua. Kwa njia hiyo, mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ulifika mji wa Buffalo, mwendo wa zaidi ya kilomita 30.

Kwetu pia mambo yalifuata mkondo huo. Bwawa la Owen Falls huko Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, na mwaka huo huo ikaundwa Kenya Power Company ili ijenge njia ya umeme kutoka Tororo mpaka Nairobi. Umeme ukasafirishwa kwa volti 132,000, ukivuka Bonde la Ufa. Lakini ndani ya Bonde lenyewe nguvu ilikuwa imelala chini ya miguu yetu. Katika zama za ukoloni mvuke wa ardhini ulitumiwa Eburru kukaushia pareto: kazi ilipelekwa penye nguvu. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa Olkaria, wa megawati 15, ulianza kuzalisha umeme. Menengai, mlima unaouelekea mji wa Nakuru, ulianza kuchimbwa visima vya mvuke mwaka 2011, na mtambo wake wa kwanza, wa megawati 35, ulianza kazi mwaka 2023.

Basi, mwezi wa Januari 2009 ilizaliwa fedha ya namna mpya iitwayo Bitcoin. Watu husema kwamba fedha hii “huchimbwa,” lakini neno hilo lisikudanganye: hakuna jembe wala shimo. Mashine hushindana kubahatisha namba, na ile inayoipata namba ifaayo huandika ukurasa mpya katika daftari la hesabu la watu wote, ikalipwa ujira wake. Hapo mwanzo kompyuta ya nyumbani ilitosha. Tangu mwaka 2013 zilitawala mashine zilizoundwa kwa kazi hiyo tu. Mashine hizi hazihitaji bandari wala soko, ila umeme mwingi na mawasiliano kidogo. Kwa hiyo zaweza kuufuata umeme popote ulipo. Katika mbuga ya Virunga, mashariki ya Kongo, ziliwekwa ndani ya makontena karibu na mtambo wa maji wa Luviro mwaka 2020. Mwaka 2022 kampuni ya Gridless ilianza kazi kama hiyo penye mitambo midogo ya maji nchini Kenya, na KenGen nayo ikasema iko tayari kuwauzia wachimbaji umeme wa mvuke.

Sasa tuingie ndani ya sanduku. Chukua mashine ya Antminer S19 ya mwaka 2020, inayotumia wati 3,250 hivi. Kwa umeme wetu wa volti 240, waya wake hubeba ampia 14 tu. Lakini chipu zake haziwezi kuvumilia volti hizo, kwa hiyo kifaa kiitwacho kigeuzi hushusha volti mpaka kati ya 12 na 15. Fanya hesabu mwenyewe: mkondo sasa wapita ampia 200, yaani karibu mara kumi na tano, na katika waya ule ule joto lingezidi mara 200! Katika mashine za zamani, kama S9 ya mwaka 2016, kigeuzi kilikaa kando, kikaunganishwa kwa nyaya nyingi. Kiungo kimoja kikilegea, huungua. Katika S19 kigeuzi kimefungwa juu ya mashine yenyewe, na mkondo hupita katika vipande vifupi vinene vya shaba. Volti kubwa husafiri mbali, volti ndogo hukaa karibu. Je, hii si sheria ile ile ya New York na Jinja?

Hata hivyo, fundi akimaliza kupima waya, limebaki swali lisilopimwa kwa ampia. Usiku wa manane nchi hulala, matumizi hupungua, na mitambo ya mvuke hulazimika nyakati nyingine kupunguza kazi yake. Mashine ya kubahatisha namba yaweza kununua nguvu hiyo isiyo na mteja, kisha ikazimwa jioni watu wanapowasha taa. Ikitumiwa hivyo, fedha yake yaweza kusaidia kulipia mtambo. Lakini mashine isiyozimwa jioni hushindana na kinu cha kusagia, na hospitali, na taa unayosomea.

Wewe unayesoma leo huenda kesho ukawa mhandisi, au diwani atakayeulizwa nguvu ya Menengai ipewe nani. Siku hiyo uliza kwanza umeme unasafiri umbali gani, unapotea kiasi gani, na nani anakaa gizani chini ya nyaya zipitazo juu ya paa lake. Kwa maana fimbo iliyo karibu yafaa imkinge kwanza mwenye nyumba.