Vitone vinavyong'aa pichani si vumbi

MPIGAPICHA anayesimamisha kamera ukingoni mwa kreta ya Menengai usiku na kuiacha ipokee mwanga kwa dakika kadhaa, huenda akarejea mjini Nakuru na nyota ambazo hazimo angani: vitone vyekundu, vya kijani au vya buluu, vinavyojitokeza mahali pale pale katika kila picha.

Vitone hivyo huitwa pikseli moto. Kihisi cha kamera ya dijitali ni bamba la silikoni lenye mamilioni ya vijisehemu, yaani pikseli, vinavyokusanya chaji ya umeme vinapoangaziwa. Kijisehemu chenye kasoro huvujisha umeme hata gizani, nayo kamera huuhesabu kuwa mwanga.

Joto ndilo kichocheo kikuu. Kwa kawaida uvujaji huo huongezeka takriban maradufu kila kihisi kinapopata nyuzijoto 6 hadi 8 zaidi. Ndiyo sababu kamera iliyoachwa garini juani kando ya Ziwa Nakuru huonyesha vitone vingi kuliko ilivyoonyesha alfajiri.

Kasoro yenyewe huweza kutoka kiwandani. Nyingine huletwa na miale ya anga za juu, hasa nyutroni, zinazogonga atomi za silikoni na kuzing'oa mahali pake. Chembe hizo huongezeka kadiri mtu anavyopanda juu. Nakuru, iliyo karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, huzipata kuliko Mombasa, ingawa karibu na ikweta sumaku ya dunia huzipunguza. Ndani ya ndege huwa nyingi zaidi. Kwa hiyo hata kamera iliyofungiwa kabatini huzeeka.

Vumbi, ambalo Nakuru halikosekani, huacha madoa meusi yenye kingo hafifu. Kumlipa fundi apanguse kihisi kwa ajili ya pikseli moto ni kupoteza fedha, na kihisi chaweza kukwaruzwa.

Anayenunua kamera kuukuu na afunike lenzi, apige picha ya sekunde 30, kisha aikuze. Vitone vichache si hoja. Kamera nyingi huweza kupiga picha ya pili gizani, kwa muda ule ule, na kuviondoa kwa kulinganisha. Baadhi, zikiwemo za Olympus, humruhusu mwenyewe kuziorodhesha pikseli mbovu, na nafasi zake zikajazwa kwa kukadiria kutoka kwa jirani zake.