Upimaji wa ufanisi wa wasambazaji umeme (Ujerumani)

Upimaji wa ufanisi wa wasambazaji umeme nchini Ujerumani ni utaratibu wa kisheria unaolinganisha gharama za kampuni zinazoendesha mitandao ya usambazaji na kazi zinayoifanya, ili kuwekea mapato yao ukomo. Ulianza tarehe 1 Januari 2009 chini ya mamlaka ya udhibiti, Bundesnetzagentur, yenye makao Bonn, kwa vipindi vya miaka 5. Nchi ina wasambazaji zaidi ya 800, wengi wakiwa mashirika ya miji; walio na wateja chini ya 30,000 waliruhusiwa kuchagua utaratibu mwepesi.

Hesabu hufanywa kwa njia mbili. Ya kwanza, iliyoasisiwa na Charnes, Cooper na Rhodes mwaka 1978, huchora mpaka wa kampuni bora na kupima umbali wa nyingine kutoka hapo. Ya pili ni ya kitakwimu, nayo hutenganisha uzembe na mambo ya bahati. Kampuni huhesabiwa alama yake ya juu zaidi, isiyopungua asilimia 60.

Ugumu mkubwa umeletwa na nishati jadidifu. Msambazaji wa vijijini anayeunganisha mitambo ya upepo na paneli za jua huongeza nyaya na transfoma ilhali wateja hawaongezeki. Akipimwa kwa wateja pekee, huonekana mfujaji pasipo haki. Ndiyo sababu uwezo wa mitambo iliyounganishwa uliingizwa katika vigezo. Kuanzia 2019, gharama za mtaji zilirekebishwa kila mwaka, bila kusubiri kipindi kipya.