Tumbaku Isiyovutwa



Mwaka 1906 Arthur Carscallen, pamoja na Peter Nyambo wa Nyasaland, nchi iitwayo leo Malawi, walifika Gendia karibu na Kendu Bay, wakafungua misheni ya Waadventista Wasabato. Mafundisho yao yaliingia hata jikoni. Kamongo na mumi, samaki waliohesabiwa kuwa hawana magamba, wasiliwe, pombe isinywewe, na tumbaku, ya kiko na ya ugoro, iachwe kabisa. Kwa watu wa ziwa, hilo la kamongo halikuwa jambo dogo! Walakini wengi walitii, maana walifundishwa kwamba mwili ni hekalu, kama Paulo alivyowaandikia Wakorintho.

Angalieni tarehe hizo. Richard Doll na Bradford Hill walichapisha uchunguzi wao juu ya sigara na saratani ya mapafu huko Uingereza mwaka 1950. Waumini wa Gendia walikuwa wametupa viko vyao zamani, kwa utii tu. (Juu ya kamongo, madaktari hawana neno, tuseme kweli.)

Sasa twende Migori. Katika miaka ya 1970 tumbaku ya mkataba ilienea Nyanza Kusini. Mkulima alipewa mbegu na mbolea kwa mkopo, na deni lilikatwa siku ya kuuza. Vibanda vya kukaushia vilikula kuni usiku na mchana. Mchumaji akishika majani yenye umande, nikotini hupenya ngozini. Hushikwa na kizunguzungu na kutapika, naye hajavuta hata sigara moja. Watoto nao walikuwamo shambani.

Kanuni ya kanisa hukataza kuitumia tumbaku, na kuiuza pia. Basi muumini mwenye shamba alibanwa: huku ushirika wake, huku karo ya watoto. Mimi simrushii jiwe. Mahindi hayakuwa na mnunuzi wa hakika. Tumbaku ilikuwa naye.

Kenya ilipitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007. Lakini ilikuwa mwaka 2022 ndipo Serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya, kilimo na chakula walipoleta Migori mpango wa mashamba yasiyo na tumbaku: mbegu za maharagwe yenye madini mengi ya chuma, na pamoja nazo mnunuzi, ambaye mahubiri yetu yote hayakuweza kumleta.