Kuboresha huduma hospitalini: munganga stajeri anafundishwa nini?

Munganga stajeri hafundishwe dawa tu. Anafundishwa pia kupima kazi ya hospitali. Timu inachagua tatizo moja, kama vile mama wa upasuaji anangojea saa ngapi. Wanahesabu katika rejista, wanajaribu badiliko dogo, halafu wanahesabu tena.

Faida yake ilionekana 2007-2008. OMS ilijaribu orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha wakati wa upasuaji katika hospitali 8 duniani, moja ikiwa Ifakara, Tanzania. Kwa jumla, vifo vilishuka toka 1,5% hadi 0,8%.

Kwa Misisi, penye machimbo ya zahabu na barabara mbaya, jambo hili ni kubwa: munganga akihamishwa, zoezi linabaki na wauguzi.