Wadudu wa Pwani: Mjue Kwanza, Ndipo Utafute Dawa

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kosa ambalo hadi leo nikilikumbuka naona haya. Kwenye kishamba alichotuachia marehemu baba kule Gazi, Kwale, mkwezi wetu alikuwa kila akishuka mnazini mikono imemvimba kwa kuumwa na maji moto, wale chungu wa rangi ya kahawia nyekundu wanaoshona majani kuwa viota. Siku moja akaniambia, "Bwana, mimi kupanda tena sipandi mpaka hawa waondoke."

Nikaenda duka la dawa za kilimo. Muuzaji aliniuliza swali moja tu: "Wataka chupa kubwa au ndogo?" Hakuuliza ni mdudu gani, nami sikusema. Nikanyunyiza, maji moto wakaisha, mkwezi akafurahi. Lakini kabla mwaka haujakwisha, vidaka na vitale vikawa vyaanguka chini vingali vichanga, na vilivyobaki vilikuwa na makovu yanayotoka utomvu. Mzee jirani alikuja, akatazama juu, akatikisa kichwa. "Mwanangu, wale walikuwa askari wako."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza kuhusu wadudu. Leo naweka hapa wale wanaotusumbua zaidi sisi watu wa Pwani, na njia ya kila mmoja. Kila mdudu ana saa yake, pahali pake pa kuzaliana na adui wake. Dawa ya kunyunyiza haina macho ya kuyaona hayo.

Mbu si mmoja

Sote twasema "mbu", kumbe hapa kwetu wako wa aina tatu tunaopaswa kuwatofautisha. Katika kila aina, anayeuma ni jike, kwa kuwa anahitaji damu ili atage mayai.

Wa kwanza ni anofelesi, mwenye malaria. Huuma usiku, na huzaliana zaidi kwenye vidimbwi vya maji yaliyotuama. Huyu ndiye aliyetufanya tulale ndani ya chandarua, na chandarua ni silaha nzuri dhidi yake.

Wa pili ni yule wa vyooni na mitaroni, anayelia sikioni usiku kucha. Ndiye hapa kwetu anayesambaza sana minyoo ya matende na mabusha, maradhi ambayo wazee wetu wameyabeba kwa aibu miaka mingi. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 walimpiga vita kwa ujanja. Walimimina vyooni vitufe vidogo vyepesi vya plastiki nyeupe, ile inayofungiwa redio na televisheni dukani. Vikaelea juu ya maji, viluwiluwi vya mbu vikakosa pa kupumulia. Wakazi nao wakapewa dawa ya minyoo, na mbu wale wakapungua sana.

Wa tatu ndiye ninayetaka tumjue vizuri zaidi. Ni mweusi, ana madoa meupe miguuni, na huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla jua halijatua. Huyu ndiye mwenye homa ya dengi na chikungunya. Neno chikungunya latoka kwa Wamakonde wa kusini mwa Tanzania, ambako ugonjwa ulitambuliwa baada ya mlipuko wa 1952 na 1953, nalo lamaanisha kile kinachokunja mtu. Aliyeugua anajua kwa nini: viungo hushika mpaka mtu mzima akatembea ameinama kama mzee wa miaka 90.

Mwaka 2004 Lamu iliona hayo kwa macho. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kuwa takriban robo tatu ya watu wa mji ule waliambukizwa. Ugonjwa ukashuka Mombasa, mwaka uliofuata ukafika Komoro, kisha Réunion na kwengineko katika Bahari ya Hindi. Mombasa tena ikapata dengi mwaka 2013, na chikungunya ikarudi mwishoni mwa 2017.

Jambo la kuzingatia ni hili: mlipuko wa Lamu ulikuja baada ya ukame. Watu walikuwa wameweka maji majumbani, na mbu huyu hapendi maji machafu. Ataka maji safi ya kwenye pipa, mtungi, tangi lisilofunikwa, hata kifuu cha nazi au gurudumu lililoachwa uani. Kwa hivyo, jirani akipata dengi usiseme ni mchafu. Huyu ni mbu wa shida ya maji, na mitaa ambayo mfereji hutoka siku moja kwa wiki ndiyo humfuga.

Mayai yake huyabandika kwenye ukuta wa pipa, juu kidogo ya maji. Yaweza kukaa makavu miezi kadhaa, na siku ukijaza tena yakaanguliwa. Ndiyo maana kumwaga maji pekee hakutoshi: sugua ukuta wa pipa kwa brashi au kumbi. Kutoka yai hadi mbu huchukua kama siku 7 hadi 10, basi fanya hivyo kila wiki, na ufunike pipa kwa kitambaa kisichopitisha mbu. Mtoto anayelala mchana, mlaze ndani ya chandarua mchana huo huo.

Tena, homa si malaria kila mara. Pima kwanza. Ukishuku dengi, usimeze asprini wala ibuprofeni, kwa sababu huongeza hatari ya kuvuja damu. Paracetamol kwa kipimo chake, maji mengi, na hospitali mapema.

Chumbani na stoo

Kunguni haijathibitika kuwa huambukiza watu maradhi kwa kuuma. Anachoiba ni usingizi, na heshima ya mwenye nyumba, kwa kuwa hakuna anayetaka mgeni ajue. Lakini huja na godoro la mtumba, begi la safari au kochi la kununua barabarani, na huingia nyumba safi na chafu vile vile. Hujificha kwenye viungo vya kitanda na mishono ya godoro, na aweza kukaa miezi bila kula. Dawa nyingi za kopo hazimwezi tena. Kinachomuua kwa hakika ni moto: fua shuka na chandarua kwa maji ya moto sana, mimina maji yanayochemka kwenye viungo vya kitanda cha mbao, urudie baada ya wiki moja au mbili kwa ajili ya mayai yaliyobaki. Usipake mafuta ya taa kitandani. Cheche moja yatosha kuteketeza nyumba.

Mchwa naye hula kimya kimya. Tunaosoma Qur'ani twakumbuka kisa cha Nabii Suleiman, ambaye majini hawakujua amefariki mpaka mdudu wa ardhi alipoila fimbo aliyoegemea. Nyumbani kwetu mchwa walikula sanduku la babu lenye karatasi za hati ya Kiarabu. Tulipolifungua tulikuta jalada zima, ndani udongo mtupu. Mwili wa mchwa hukauka upesi, ndiyo sababu hujenga vile vichuguu vya udongo ukutani. Ukiviona, usivifute ukasahau. Vifuate mpaka vinakotoka, tafuta unyevu unaowalisha, na uondoe sanduku na kabati ukutani na sakafuni.

Stoo kuna dumuzi, anayegeuza gunia la mahindi kuwa unga ndani ya miezi. Asili yake ni Amerika ya Kati. Aliingia Tanzania kwanza, na Kenya akaonekana Taveta mwaka 1983. Hula hata muhogo mkavu. Kausha mahindi vizuri na uyaweke kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ambamo mdudu hufa kwa kukosa pumzi. Kuchanganya chakula na dawa ya shambani, eti kwa kuwa kila mtu hufanya, ni kuwalisha watoto sumu.

Mnazini na mwembeni

Narudi kwa maji moto. Minazi yetu ina adui wa rangi ya kahawia, asiyezidi upana wa kidole, anayefyonza vidaka kwa mdomo kama sindano. Mate yake ni sumu, na kidaka kilichodungwa huanguka au hubaki na kovu. Mwingereza M. J. Way alilichunguza jambo hili Unguja miaka ya 1950, hata jina la kisayansi la mdudu huyo limetokana na lake. Alichokiona ndicho alichokijua mzee jirani yangu: mnazi wenye maji moto huzaa, kwa kuwa maji moto humfukuza mfyonzaji. Nami niliwaua.

Chonga ni mwengine, yule mbawakavu mweusi mwenye pembe. Hutoboa moyo wa mnazi, na makuti yakifunguka yanaonekana yamekatwa kama kwa mkasi. Akifika kwenye kichilema, mnazi hufa. Huyu hazaliani juu, huzaliana chini, kwenye magogo ya minazi iliyooza na marundo ya samadi. Anayeacha gogo shambani amfuga chonga wake na wa jirani. Lichome au ulipasue likauke, na wale walioko juu wachomoe kwa waya wenye ndoana.

Kwenye maembe, nzi wa matunda kutoka Asia alionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003, huku huku Pwani. Hutaga chini ya ganda, mabuu hula nyama, kisha hujiangusha na kuingia ardhini kuwa nzi. Kwa sababu yake Kenya ilisimamisha kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014. Embe lililoanguka usiliache hapo chini. Lizike nusu mita au zaidi. Na hapa pia maji moto husaidia. Nchini Benin imeonekana kuwa miembe yenye chungu hawa haishambuliwi sana na nzi.

Anayetufuata miguuni

Funza alivuka bahari kutoka Amerika ya Kusini, akafika Angola mwaka 1872, na kabla karne haijaisha alikuwa ameivuka Afrika. Jike huingia kwenye ngozi ya mguu na kuvimba kwa mayai. Anapenda vumbi kavu la sakafu ya udongo, basi nyunyiza maji kabla ya kufagia, na ukiweza ikandike sakafu kwa saruji. Msitumie pini moja watu wawili. Na mtoto mwenye funza asichekwe. Nimeona waliokimbia shule kwa kicheko kabla ya kukimbia kwa maumivu.

Kishamba chetu chapona polepole. Maji moto wamerudi kwenye minazi minne, wakitokea kwenye mwembe wa yule mzee. Mkwezi sasa hujipaka jivu mikononi na miguuni kabla ya kupanda, na huwa nampa nazi mbili zaidi kwa usumbufu. Ukienda kununua dawa ya mdudu, nenda na mdudu mwenyewe ndani ya chupa, na muuzaji akikuuliza kubwa au ndogo, mwambie kwanza atazame.