Inchi Mbili za Mshono

Mkono inchi 23. Kifua 52. Paja 31. Shavu la mguu 20. Urefu inchi 68. Nisomee vipimo hivi nimefumba macho, nitajua pa kuanzia: kitambaa kisipungue mita tano, kwapa lisibane, mshono wa ubavuni upitishwe mara mbili. Nashona nguo za kike hapa mjini Unguja tangu mwaka 1984, na futi yangu imezunguka miili ya mama, binti na mjukuu wa nyumba moja.

Mwenye vipimo hivi lakini sikumshonea. Alipimwa Karagwe, magharibi ya Ziwa Viktoria, katika ufalme wa Rumanika, na Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika huko Novemba 1861 akitafuta chanzo cha Mto Nile. Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu mwenyeji wa Bukoba, ndiye aliyenisomea habari hiyo huku nalitia pindo gauni lake la Idi. Wanawake wa nyumba ya kifalme walinyweshwa maziwa mchana kutwa mpaka kusimama kukawashinda, na unene huo ndio uliokuwa uzuri wao. Speke akataka kumpima shemeji wa mfalme. Akamwahidi kwamba naye atamwonyesha mikono na miguu yake bila nguo. Mama yule akajikokota mpaka katikati ya nyumba, akapimwa. Binti yake wa miaka 16 alikuwa amekaa papo hapo ananyonya chungu cha maziwa, na baba yake kashika fimbo asije akaacha. Speke aliandika kwa futi na inchi. Mimi nimezigeuza zote inchi, kama tunavyoandika dukani. Kila kipimo kimo kitabuni. Jina la mwanamke halimo.

Nilisimamisha cherehani. Bibi aliyenifunza kazi hii alikuwa na desturi moja ambayo hakukubali ivunjwe. Unamwuliza mtu kwanza, "Nikupime?" Unapima, unaandika kwenye daftari, unalifunga daftari. Kama yupo mtu mwingine dukani, namba haitamkwi. Kwa desturi hiyo, yule mama wa Karagwe ametamkwa miaka mia na sitini mfululizo.

Namba zangu nazitamka mwenyewe. Januari 2024 nilikuwa na kilo 97. Leo nina kilo 81, na kiuno changu kimetoka inchi 46 hadi 39. Katika muda wote huo sikuacha halua. Kila Alhamisi baada ya Alasiri nakula kipande kimoja, upana wa vidole viwili, na vikombe vitatu vya kahawa chungu. Nilipokuwa mnene hakuna aliyeitazama sahani yangu. Nilipoanza kupungua, kila mtu akawa na neno. "Wifi, si ulisema unapunguza mwili?" "Bi Fundi, hiyo si ndiyo sumu yenyewe?" Kwenye harusi moja, mwanamke ambaye hatujuani sana aliinyanyua sahani ya halua kutoka mbele yangu, akaipeleka upande wa pili wa mkeka, wanawake wote wanatazama. Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na nilihisi kama mtoto aliyekamatwa na kitu cha wizi mkononi. Nilirudi nyumbani usiku ule sikulala mapema.

Ndiyo maana nataka kuieleza halua kwa heshima yake.

Asili yake kwetu ni Oman. Ilikuja na majahazi ya kaskazi kama zilivyokuja tende, ikatia mizizi zaidi kuanzia miaka ya 1830, Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja na watu wake wakamfuata na jiko lao. Sukari inayeyushwa kwa maji, unatiwa wanga uliokorogwa, halafu samli kidogo kidogo, iliki, kungumanga, zafarani, maji ya waridi, na mwisho lozi au ufuta. Karai ni kubwa, moto ni wa kuni, mwiko ni mrefu kama kasia. Kazi ngumu ni kukoroga. Ukipumzika, inashika chini na karai zima limeharibika, kwa hiyo mpishi anakoroga mpaka mchanganyiko unang'aa na samli inaanza kujitenga pembeni. Nguo za kiume sishoni, ila kuna mpishi mmoja wa halua kutoka Wete, Pemba, ambaye mkewe ni mteja wangu, na aliniomba nimrekebishie kanzu. Bega lake la kulia limelizidi la kushoto kwa inchi nzima. Kila nikimega kipande nalifikiria bega lile.

Na halua ina adabu yake ya kuliwa. Haiwekwi mbele ya mtu mmoja. Sahani inakaa katikati, kila mtu anamega kwa ncha za vidole, anaisogeza kwa mwenziwe, na muuza kahawa anapita na dele lake na vikombe visivyozidi mafunda mawili. Ndoa ikishafungwa msikitini, ndiyo inayoletwa, halua na kahawa, kabla watu hawajainuka. Uchungu wa kahawa unaukata utamu, na mtu haendi kipande cha tatu. Kipimo kimo ndani ya desturi yenyewe. Nimekaa kwenye mikeka ya halua tangu utotoni na sijamwona mtu mzima aliyekula nusu kilo.

Sukari nayo ina historia nzito zaidi, na sitaki kuipita kama siijui. Katika karne ya 19 bonde la Mto Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Miwa ilikatwa, ikakamuliwa, maji yake yakachemshwa hapohapo, watu wakifanya kazi kati ya joto la jua na joto la moto. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa Pangani Desemba 1889, alikuwa na shamba la miwa huko. Kama pana dhambi ndani ya sukari, mimi naiona pale shambani, kwenye migongo ya waliokata miwa bila ujira. Siioni kwenye kiuno cha mwanamke anayemega kipande mkekani.

Mimi nilizaliwa 1965. Nilipoanza kupata akili, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mchele, unga na sukari vilikuwa ni vya foleni. Mama alikuwa akinituma alfajiri na mfuko wa kitambaa nikamshikie nafasi. Dada yangu mkubwa alipoposwa, sukari ya halua ya harusi yake ilikusanywa miezi kadhaa, kikombe kwa kikombe, sisi wengine tukinywa chai kavu. Wakati ule mtu mwenye mwili alisifiwa. Walisema ameshiba, ametunzwa, nyumba yake ina baraka.

Dada akawekwa ndani. Somo wake alimsinga kwa liwa, akampaka, akamlisha: supu ya kuku asubuhi, maziwa mchana, uji wa samli usiku. Mwali alitakiwa atoke amejaa, shingo ina mikunjo, mikono laini. Bibi aliyenifunza kazi ndiye aliyemshonea gauni, na hapo ndipo nilipoliona jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipokuwa fundi. Ndani ya kila ubavu aliacha inchi mbili za kitambaa zilizokunjwa. Mafundi wote wa nguo za harusi walifanya hivyo, kwa sababu waliujua mwili unakoelekea. Siku ya kutolewa, mishono ikafunguliwa kidogo, gauni likamkaa. Mwali akitoka mwembamba, wanawake walikuwa wakinong'ona kwamba kwao hakukuwa na chakula, au ana maradhi anafichwa. Kwa hiyo dada yangu alikula hata pale alipokuwa hataki. Fimbo haikuwapo, lakini macho yalikuwapo.

Mwaka mmoja kabla sijafungua duka, 1983, wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, mkoa uleule iliko Karagwe. Watu wa huko waliupa ugonjwa jina la Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiuzwa na wafanyabiashara wa mpakani. Waganda waliuita Slim, yaani wembamba. Jina moja limetoka kwenye nguo na jingine kwenye mwili unaoikimbia nguo, na fundi yeyote wa miaka ile atakueleza kwamba majina yote mawili aliyaona kwa macho yake.

Nilikuwa na mteja, mwanamke mrefu, mcheshi, mpenzi wa rangi ya zambarau. Alileta gauni lake la hariri nilipunguze. Baada ya miezi minne akalirudisha. Mara ya tatu alikuja baada ya Isha, duka nimeshafunga, akagonga dirishani. Nilimpima bila kusema neno, na nilikiandika kipimo chake kwa penseli, sijui kwa nini, labda nilitumaini kitafutika. Mtaani walikwisha kumhukumu. Walikuwa wakisema amekanyaga miwaya. Mama yake alitoka kila asubuhi kwenda Darajani kumnunulia halua, kikapu kidogo cha ukili, ili arudishe mwili na watu wanyamaze. Binti alikaa barazani anaila mchana, watu waone. Mate yalikuwa hayapo, kila tonge analisukuma kwa maji. Aliondoka kabla ya mwaka kwisha. Aliumwa nini sikumwuliza, na haikuwa haki ya mtu kumwuliza. Kitambaa nilichokitoa kwenye gauni lile bado ninacho kwenye sanduku la vipande.

Alikuwapo na mwingine aliyekonda kwa kufiwa na mtoto, hana ugonjwa wowote, na majirani waliacha kunywa kahawa kwenye vikombe vyake.

Kwa hiyo nisipowalaumu wazee wanaonishika mkono sasa na kuniuliza, "Mwanangu, unaumwa?", ni kwa sababu najua walizika wangapi. Jirani yangu mmoja mzee alilia aliponiona nimevaa dera ambalo zamani lilinibana. Nilimkalisha, nikamweleza kwamba ninatembea, ninapunguza wali, sina maradhi. Akafuta machozi, kisha akaiona sahani ya halua kwenye meza ya kukatia. "Sasa na hii jee?" Yote mawili ndani ya nusu saa, na kutoka kwa mtu anipendaye.

Hilo swali la pili si la kwetu kwa asili. Mwaka 1863, mwaka uleule kitabu cha Speke kilipochapishwa Uingereza, mtayarishaji wa mazishi mjini London aitwaye William Banting alitoa kijitabu kuhusu unene wake. Alikuwa na ratili 202 na kimo cha futi tano na inchi tano. Alikuwa hawezi kuinama akafunga viatu, na ngazi alizishuka kinyumenyume. Daktari wake, William Harvey, alimkataza mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi, na kwa muda wa mwaka mmoja hivi akapungua ratili 46. Kijitabu kikasambaa mno. Waswidi mpaka leo husema *banta* kwa maana ya kujinyima ili kupungua. Mimi namheshimu mzee huyu, kwa sababu aliandika wazi jinsi watu wasiomjua walivyomkebehi hadharani. Aliandika juu ya mwili wake mwenyewe, na hesabu yake ilimfaa. Waliokuja baada yake wakaichukua orodha wakaigeuza rungu la kupigia wengine.

Hesabu yangu niliifanya kwenye daftari la wateja, ukurasa wa nyuma. Vikombe vitano vya chai kwa siku pale kwenye cherehani, kila kimoja vijiko vinne vya sukari: vijiko 20. Maandazi mawili asubuhi, soda mchana, sahani ya wali usiku nikiwa nimechoka na siko tayari kusikia neno. Humo ndimo zilimokuwa kilo zangu, kwenye vitu nilivyokuwa nikivimeza bila hata kuvionja, macho yapo kwenye sindano. Nimeviacha kimoja kimoja. Chai kavu ilinichukua miezi miwili kuizoea. Uzi na vifungo sasa navifuata Darajani kwa miguu kutoka Kikwajuni. Daktari alinipima sukari ya damu, iko sawa. Aliponiuliza ninakula nini, nilimtajia vyote pamoja na halua ya Alhamisi. Akaandika, akaendelea na swali lake linalofuata. Nilitamani kumshukuru. Kaka yangu ana kisukari na hesabu yake ni nyingine. Akija, sahani siiweki mezani, na yeye haulizi.

Alhamisi iliyopita alikuja mwali wa miaka 24, na shangazi yake, kupimwa gauni la harusi. Mabinti wa sasa wanataka libane, na wengi huniambia nikate pungufu ya mwili, eti watafika. Huyu alivuta tumbo ndani, akazuia pumzi.

"Nikupime?"

"Ngoja kwanza, Bi Fundi, nijibane."

"Pumua, mwanangu."

Akapumua. Nikaandika, nikalifunga daftari. Halua ilikuwa kwenye meza ya kukatia, na kahawa kando. Aliitazama, akamtazama shangazi yake aliyekaa karibu na mlango. Nikahamisha kiti changu, nikakaa kati yao, mgongo wangu mpana bado unatosha kwa kazi hiyo, nikamsogezea sahani. Alimega kipande kidogo, akakiweka kinywani, akafumba macho.

Kitambaa nimekikata leo asubuhi. Kila ubavu nimeuachia inchi mbili.